Profesa wa Washonaji

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani)



Katibu aliponiomba nizungumze juu ya mwalimu aliyeacha alama, nadhani alitazamia nimchague mmoja wa wale waliotufundisha hapa. Wapo, na wengine wameketi mbele yangu, lakini si adabu kumsifu mtu usoni pake kabla hajala. Kwa hiyo nimemchagua mwalimu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyepata kumwona. Alikuwa Mwingereza, alifundisha vijana kubuni na kushona nguo, na alifariki mwaka 1979. Jina lake ni Janey Ironside. Anayetaka kucheka na acheke sasa. Mimi nimeishi kwa cherehani miaka mingi, na kicheko hicho nimekizoea.

Janey alizaliwa mwaka 1918 huko India, ambako baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Aliolewa na mchoraji, Christopher Ironside. Ndugu zangu, huyo bwana mnamfahamu msivyodhani. Mnazikumbuka zile sarafu zetu za mwaka 1966, ndururu yenye samaki, sumni yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge? Mchoraji wake ni huyo huyo. Basi sote tuliosoma hapa miaka ile tulikuwa na kazi ya bwana huyo mifukoni mwetu, na wengi tuliimalizia kwenye maandazi ya dukani.

Baada ya vita kuu ya pili Janey alikuwa akiwashonea wateja nguo nyumbani, mjini London. Hapo ndipo alipojulia kitambaa, kwa mkasi na pini, na kwa mteja anayesema kiuno kimebana kumbe amenenepa yeye. Kisha akaingia katika chuo kinachoitwa Royal College of Art, chuo cha sanaa kilichoanzishwa London mwaka 1837. Mwaka 1948 chuo hicho kilikuwa kimemteua Bibi Madge Garland kuwa profesa wake wa kwanza wa mitindo ya mavazi. Janey alifanya kazi chini yake, na mwaka 1956 yeye mwenyewe akakikalia kiti hicho.

Hapana budi nieleze hali ilivyokuwa. Miaka ile mambo ya mavazi yalitoka Paris. Mwenye kiwanda cha nguo London alikwenda kutazama, akarudi, akaiga. Msichana wa miaka 20 alivaa kama mama yake, tofauti ikiwa bei tu. Janey hakuona kwa nini iwe hivyo. Alitaka Uingereza iwe na mtindo wake, utokao kwa vijana wake, nao ukubalike duniani.

Njia aliyoishika ndiyo inayonivutia mimi niliye fundi. Katika kazi hii mwanafunzi huanza kwa kuchora. Lakini mchoro hauvaliki, na karatasi haina uzito wala haiangukii mwili. Kwa hiyo mchoro hugeuzwa kuwa vipande vya karatasi, na vipande hivyo hukatwa kwanza katika kitambaa rahisi, kile ambacho sisi tunakiita amerikani. Vazi hilo la majaribio huvishwa mtu. Hapo uongo wote wa mchoro hujitokeza: bega limepanda, kwapa limekaza, mbele pamekuwa pafupi kuliko nyuma. Hubanduliwa, hukatwa upya, huvishwa tena. Atakayesema hiyo si hesabu, nampa kipande cha kitambaa na mkono wa koti, auingize mkono huo kwenye tundu lake bila kukunjamana. Nitamngoja.

Na wanafunzi wake walikuwa akina nani? Bill Gibb alikuwa mtoto wa mkulima kutoka kaskazini mwa Uskochi. Mwaka 1970 vazi lake lilichaguliwa kuwa vazi la mwaka la jumba la makumbusho ya mavazi la mjini Bath. Ossie Clark alitoka upande wa viwanda, kaskazini mwa Uingereza, akamaliza chuo mwaka 1965, na ndani ya miaka michache magauni yake yalivaliwa na waimbaji na wake za waimbaji. Marion Foale na Sally Tuffin walimaliza mwaka 1961, nao badala ya kutafuta ajira wakafungua karakana yao wenyewe London. David Sassoon, aliyetangulia mbele yao wote, ni mmoja wa waliomshonea Diana, binti mfalme wa Wales. Mwaka 1964 ikaongezwa kozi ya nguo za wanaume, kwa msaada wa kampuni kubwa ya washonaji wa suti. Haya yaliyoitwa mavazi ya London ya miaka ya sitini, ambayo hata sisi tuliyaiga kwa suruali za kubana tukafukuzwa nazo paredi, sehemu kubwa yalipitia mikononi mwa wanafunzi wa mama huyu.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1967 chuo kile kilipata hati ya kifalme iliyokipa hadhi ya chuo kikuu, kikawa na uwezo wa kutoa shahada zake chenyewe. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini idara ya mitindo ya mavazi ikawekwa kando: wanafunzi wake wasipewe shahada. Idara iliyokuwa imekipa chuo jina magazetini kote ndiyo iliyoambiwa ingoje nje.

Janey Ironside alijiuzulu mwaka 1968. Alikuwa na miaka hamsini, umri ambao mtu hupigia hesabu kiinua mgongo, si kutafuta ugomvi. Angeweza kunyamaza. Yeye mwenyewe hakupungukiwa na kitu, uprofesa alikuwa nao. Waliopungukiwa ni wanafunzi, na kwa ajili yao akaondoka. Mwaka huo huo alitoa kitabu cha istilahi za mavazi, na mwaka 1973 akatoa kingine juu ya maisha yake. Leo mtu huenda katika chuo kile kile akasomea mitindo ya mavazi na kutunukiwa shahada ya uzamili. Mwenyewe hayupo kuona.

Kitabu kile cha istilahi kinanikumbusha jambo la kwetu. Mzee aliyevaa kanzu pale kiti cha tatu amevaa badani mbele na nyuma, taharizi ubavuni, vikwapa chini ya mikono, kaba shingoni na sijafu penye upindo. Kila kipande kina jina, na kila jina lina sababu. Ukikosea kikwapa mzee hawezi kuinua mkono kuomba dua. Hiyo ni elimu. Nayo inakaa vichwani mwa mafundi wa barazani ambao hakuna aliyewauliza, na wengine wanazikwa nayo.

Ndugu Mwenyekiti, kanuni za mfuko wetu wa masomo, kifungu cha nne, zinasema msaada utatolewa kwa kijana wa shule hii "aliyepata nafasi ya chuo kikuu". Tuliandika hivyo kwa nia njema. Lakini mwaka jana kamati ilimrudisha kijana mwenye alama nzuri aliyekwenda kusomea ushonaji katika chuo cha ufundi. Ada yake ya mwaka mzima haifikii nusu ya tunachompa mwenzake wa chuo kikuu. Nimeiona kazi yake. Anakata koti la mistari na mistari inakutana mfukoni na mgongoni, kitu ambacho wapo mafundi wa miaka kumi hawakiwezi. Kwa sasa amesimama masomo, anapiga pasi katika duka la dobi.

Alasiri, kifungu hicho kitakapofunguliwa, nitapendekeza baada ya maneno "chuo kikuu" yaongezwe maneno "au chuo cha ufundi". Ni maneno manne. Katibu anayo nakala, na ndugu wawili wamekubali kuniunga mkono. Muhula wa chuo chake unafunguliwa mwezi ujao, kwa hiyo naomba hoja hii isiahirishwe hadi mkutano wa mwakani.

 Chakula kipo tayari.