Jicho Linapotokeza Bila Maumivu

Mtu wa Mitole, Kilwa, jicho likimtokeza polepole, bila maumivu, si lazima iwe saratani, wala hajarogwa. Huenda ni uvimbe wa mishipa ya damu nyuma ya jicho. Uvimbe mdogo, usiobana neva ya kuona, mara nyingi huangaliwa tu.

Ukiwa wa kutolewa, mahali ulipo ndipo huamua njia ya upasuaji. Upande wa sikio, hufunguliwa mfupa wa pembeni, upasuaji alioueleza Krönlein, daktari wa Uswisi, mwishoni mwa miaka ya 1880. Upande wa pua, hupitiwa utando wa jicho, au puani kwa kamera. Ndani kabisa, pengine hufunguliwa fuvu. Kubishania njia bora kabla ya kipimo cha CT-scan ni kupoteza muda.

Anzeni hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, mkaombe rufaa ya Muhimbili mapema.