MGONJWA SI REHANI
(Hotuba ya Kamati ya Afya, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Tukisikia neno sheria katika mambo ya matibabu, tunafikiri ni amri za kutubana sisi tu: leta kadi, panga mstari, peleka mtoto chanjo. Amri hizo tunapaswa kuzishika. Lakini sheria inamfunga pia mwenye koti jeupe na yule anayekaa kwenye dirisha la malipo.

Tukumbuke yaliyotokea Bujumbura. Mwaka 2002 serikali ya Burundi iliagiza wagonjwa wagharimie matibabu yao. Nchi ilikuwa vitani, na wengi hawakuwa na kitu. Walioshindwa kulipa walizuiwa hospitalini hata baada ya kupona. Mwezi Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 ni bure. Lilikuwa jambo jema, ila halikuwahusu wagonjwa wengine. Mwezi Septemba mwaka huo, Human Rights Watch na chama cha APRODH walitoa ripoti juu ya watu waliozuiwa wiki na hata miezi, wakiwemo akina mama waliozaa kwa kupasuliwa. Hospitali ya Prince Régent Charles ilitajwa humo.

Je, hiyo ilikuwa sheria? Hapana. Tangu mwaka 1990 Burundi imo katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa. Kifungu cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano, kama vile kulipa deni. Kwa jirani zetu wa Kenya, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2015 kwamba akina mama wawili walizuiwa kinyume cha sheria katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi. Deni hudaiwa kwa njia zake; mwili wa mgonjwa hauwekwi rehani.

Nasi wakimbizi tunao wajibu. Mkataba wa Geneva wa 1951, kifungu cha 2, unatutaka tutii sheria za nchi iliyotupokea.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Ndugu wakazi, mtu asiende hospitali ya mjini bila barua ya rufaa, wala asitoroke usiku akiacha deni, maana anamzibia njia mgonjwa atakayemfuata. Ndugu wa mashirika, malipo ya mgonjwa mnayemtuma yaandikwe na kutiwa sahihi kabla gari halijaondoka. Na sisi sote, mgonjwa akizuiwa, habari ifike kwa Kamati siku hiyo hiyo, tusingoje mwezi upite.

 Mungu awape afya wagonjwa wetu.