Karatasi ya Benki Ndani ya Kitabu cha Nyimbo
(Neno la shukrani la waliosomeshwa na Mwalimu, lililotolewa katika Yubile ya miaka 50 ya kwaya yetu)



Tumesimama hapa watu watano. Mmoja wetu ni muuguzi, mmoja ni mhandisi wa maji, wawili ni walimu, na mmoja ni fundi wa kuchomelea vyuma. Tunasema kwa niaba ya wote waliosomeshwa na Mwalimu. Tutamwita Mwalimu tu, maana ametukataza kuchapisha jina lake katika kijitabu hiki. Lakini kila mmoja hapa anajua ni nani anayeinamisha kichwa hivi sasa.

Tuseme ukweli: tulijiunga na kwaya ya watoto kwa sababu ya chai na mandazi ya Jumamosi. Solfa ilikuja baadaye, Mwalimu akiiandika ubaoni kwa chaki na kutuimbisha mstari mmoja mpaka utoke sawa.

Matokeo ya KCPE yalipotoka, barua za kujiunga na Kidato cha Kwanza zilikuja na orodha ndefu: karo, sare, godoro, sanduku la bati, vitabu. Nyumbani kwetu barua ile ilisomwa mara moja tu, kisha ikawekwa juu ya kabati, na hakuna aliyeitaja tena. Mwalimu ndiye aliyekuja kuiulizia.

Hakuwa tajiri. Alikuwa na mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi, ng'ombe wawili wa maziwa na kipande cha majani chai. Bonasi ya chai ilipolipwa, ilimaliza madeni yetu ya muhula wa tatu, na iliyobaki ikangojea Januari. Karatasi ya benki alitupa baada ya ibada, ameikunja ndani ya kitabu cha nyimbo, ili mtu asitucheke kwamba tunasomeshwa. Masharti yake yalikuwa mawili: tumletee ripoti ya shule kila likizo, na tusikose mazoezi tukiwa nyumbani.

Si sote tuliokwenda vizuri. Mmoja wetu aliacha shule akiwa Kidato cha Tatu, karo ya muhula mzima ikiwa imeshalipwa. Kwa miaka miwili alipita njia ya mtoni ili asikutane na Mwalimu. Asubuhi moja akamkuta Mwalimu amemngojea mtoni. Hakuulizwa habari ya karo. Aliulizwa, "Sauti ya nne imepungukiwa. Unarudi lini?" Alirudi Jumamosi iliyofuata, na mwaka uliofuata Mwalimu akamlipia chuo cha ufundi. Jukwaa ambalo kwaya imesimama juu yake leo ni kazi ya mikono yake, na hakutaka kulipwa.

Wapendwa, wengi wenu mnakijua kisa cha Chris Mburu, kijana wa Kenya aliyelipiwa karo na mama wa Uswidi asiyemjua, Hilde Back. Mama huyo alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani, aliyekimbia Wanazi. Wazazi wake walifia kambini. Fedha alizotuma zilikuwa kidogo. Mburu alisoma sheria Nairobi, kisha Harvard, akafanya kazi ya haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 2001 alianzisha mfuko wa kusomesha watoto wa Kenya, akaupa jina la mama yule. Alimtafuta mpaka akampata, na mama akaja Kenya kupokewa kwa nyimbo.

Kisa hicho kilituchoma moyo. Mburu alitafuta mtu aliyekuwa ng'ambo. Sisi, wetu alikuwa safu ya tatu kanisani, na miaka ilipita bila hata mmoja wetu kwenda nyumbani kwake kusema asante. Tulipopata kazi tulihamia mijini, tukawa tunarudi Krismasi, tunampungia mkono kutoka garini. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Mwalimu, hatukukupiga teke, lakini tulikupita. Tusamehe.

Tena tuna neno kwa Mama, na kwa watoto wa Mwalimu walioketi naye. Tulikuwa tukifurahia sanduku jipya, nanyi mkivaa sweta zilizotiwa viraka. Kilichotusomesha kilitoka kwenye sahani zenu, na hakuna aliyewauliza kama mmekubali. Mama, wewe ndiwe uliyekamua wale ng'ombe. Leo tunawashukuru ninyi pia, mbele ya kanisa lote, kwa sababu tulichelewa.

Katika Walawi sura ya 25, mwaka wa hamsini ni mwaka wa kila mtu kurudi kwa jamaa yake. Nasi tumerudi, wala hatukurudi mikono mitupu. Kuanzia Januari, kila mmoja wetu watano atamlipia karo mtoto mmoja wa kwaya hii, mpaka amalize shule ya sekondari. Tulitaka kuuita mfuko huu kwa jina la Mwalimu, akakataa. Basi tumekubaliana na mweka hazina jambo moja: karatasi ya benki haitasomwa kwenye matangazo. Itatolewa baada ya ibada, imekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo.

Na mtoto akianguka njiani, tutamngojea mtoni.

Wema hauozi. Mwalimu, asante. Mama, asante. Mungu awazidishie siku. Sasa tunawaomba wote wa sauti ya nne msogee, mtupe nafasi tuimbe nanyi. Bwana asifiwe!