Barabara ya Walikale nayo inahitaji sabuni
Wandugu wa Masisi na Walikale,
Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinasema msafiri apimwe kwa heshima, na nchi isimlipishe anapopimwa mpakani kujua hali yake. Kongo ilizikubali. Lakini sisi safari zetu ni za ndani: Walikale, Masisi, Sake, Goma. Na mwaka 2019 Ebola ilifika mpaka Pinga, mbali na mpaka wowote!
Leo kwenye barieri tuko tunalipa franga, sabuni hata kipande hakuna. Asiye na franga anapita porini, na ugonjwa unapita naye. Kila anayeshika barabara hizi, awe nani: aweke maji, sabuni na kipimo cha homa, bure. Na muuguzi apite bila kulipa, hata usiku.