Ada imepanda, ndoo bado imejaa

(Maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana wa kata yetu, Dar es Salaam. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, wengi mliomba.)

Mimi bado nasoma sheria, sijawa wakili, kwa hiyo msije mkaniletea kesi za viwanja baada ya hapa.

Leo nazungumzia taka. Najua si mada ya kupigiwa vigelegele. Lakini mtaani kwetu mkandarasi mpya alipoingia, ada ilitoka buku mbili hadi buku tano kwa mwezi kwa kila kaya. Tukaambiwa kuna huduma mpya: taka za kuoza weka ndoo yake, plastiki na makopo weka kiroba chake. Tukatii. Gari likaja, wale vijana wakamwaga ndoo na kiroba humohumo, pamoja. Nilikuwa nimesimama mlangoni naangalia.

Wiki zilizofuata hata hilo gari halikuonekana. Jirani yetu ni mama lishe. Maganda ya ndizi, viazi na mabaki ya wali yakakaa siku tisa, funza wakatoka. Siku ya kumi hakuja gari, wamekuja mgambo: faini elfu hamsini, kosa uchafu. Mama wa watu aliilipa kwa mtaji wa mchele.

Sasa tuongee sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kuweka utaratibu wa kutenganisha taka pale zinapozalishwa. Wajibu huo ni wa halmashauri, mama lishe hawezi kuubeba peke yake. Ukimwambia mwananchi atenganishe halafu wewe unachanganya garini, umemtoza kwa huduma ambayo hukuitoa.

Kuhusu pesa, Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria. Watatuambia ada si kodi. Sawa, nakubali, hata darasani tunabishana hapo. Lakini ada nayo inasimama juu ya sheria ndogo ya halmashauri, na sheria ndogo haiandikwi na mkandarasi kwenye karatasi ya kubandika kwenye nguzo ya umeme. Nimeuliza mara mbili nionyeshwe. Mara ya kwanza nikaambiwa mhusika yuko semina. Mara ya pili nikaulizwa natumwa na nani!

Na msidhani jambo hili haliwezekani. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani jijini ni za kuoza. Mabwepande, Kinondoni, kuna kiwanda cha manispaa kinachogeuza taka za masoko kuwa mboji. Bonyokwa kuna wakusanya taka wanaopita nyumba hadi nyumba kuchukua zilizotenganishwa. Zetu zinapelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi, zinaozea kwenye lundo na kutoa gesi ya methani, na sisi ndio tunalipia mafuta ya gari la kubebea maji ya maganda.

Tuwe wakweli pia: wapo humu ndani wasiolipa hata senti, na mvua ikinyesha wanamwaga kwenye mtaro. Nawaona mnacheka. Mkiendelea hivyo mtendaji atatushinda asubuhi na mapema.

Tunachodai ni vitu vichache. Tuonyeshwe sheria ndogo na mkataba wa mkandarasi. Taka za kuoza zichukuliwe angalau mara mbili kwa wiki, maana kwa joto hili haziwezi kusubiri. Anayetenganisha alipe pungufu. Na wiki ambayo gari halikuja isidaiwe, wala mtu asipigwe faini kwa ndoo ambayo halmashauri ndiyo iliyoshindwa kuibeba.

Jumamosi saa tatu asubuhi tunakwenda ofisi ya mtendaji. Njoo na risiti zako, na kama ulipewa karatasi isiyo na namba ya malipo ya serikali, hiyo ndiyo naitaka zaidi. Kwenye uchochoro wetu nimeshapata kaya kumi na moja, mama lishe ndiye wa kwanza kusaini. Daftari liko hapa mbele.