Sebule Imependeza, Jikoni Je?

Ndugu msikilizaji, wengi wetu tunaoishi mijini tunajua sana kutengeneza sebule ya nyumba ya kijijini. Tunanunua makochi, tunapaka rangi, tunamwaga sakafu ya saruji, na Desemba tukifika nyumbani tunakaa hapo kupokea salamu. Nyuma ya nyumba hiyo hiyo, mama yumo kibandani, ameinama mbele ya mafiga matatu, anapuliza moto huku machozi yanamtoka.

Nimepita Nyansurura, mkoani Mara, nikayaona hayo katika nyumba zaidi ya moja. Nami nasema hivi: ukitaka kukarabati nyumba ya wazazi, anza na meko. Kazi hiyo haihitaji mkandarasi.

Tazama mafiga yalivyo. Moto uko wazi, upepo unaupeperusha, na joto jingi linapotea kabla ya kufika kwenye sufuria. Kuni zinazoteketea kwa chungu kimoja cha maharage zimebebwa kichwani kutoka mbali, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hakuna ruhusa ya kwenda kuzikata. Moshi nao unabaki ndani. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano.

Jiko banifu la udongo hujengwa kwa vitu vilivyopo: udongo wa kichuguu, mchanga, majani makavu yaliyokatwakatwa na maji. Kanda kwa miguu mpaka ushikane. Finyanga tonge, uliache likauke. Likipasuka, ongeza mchanga. Likimomonyoka, ongeza udongo.

Kisha mwite mpishi. Yeye ndiye atakayekwambia kimo cha jiko na sufuria zipi hutumika kila siku. Jenga kuta kuzizunguka sufuria hizo zikae imara. Ugali wa mtama na muhogo husongwa kwa nguvu. Sufuria ikicheza, kesho yake mama atarudi kwenye mafiga yake, na jasho lako litakuwa limekwenda bure.

Acha mlango mdogo wa kuni, na nyuma tundu la dohani ya kutoa moshi nje. Kama paa ni la nyasi, usiipitishe dohani humo. Itoe ukutani, uiweke mbali na nyasi, maana cheche haina adabu. Liache jiko likauke kivulini wiki mbili au tatu kabla ya kuwasha. Nyufa zikitokea, ziba kwa udongo ule ule, na masizi ya dohani yakwanguliwe mara kwa mara.

Yuko atakayesema, zama hizi ni za gesi. Ni kweli. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Jiko la udongo halifikii usafi wa gesi, na mwenye uwezo wa kununua mtungi na kuujaza kila unapoisha, amnunulie mama. Lakini asiye na uwezo huo asimwambie mama avute moshi mpaka 2034.

Linalotukwamisha zaidi ni haya. Mwanamume hufyatua matofali ya sebule mchana kweupe, watu wakimsifu, lakini akionekana amekanda udongo wa jiko anaogopa kuchekwa. Mura, udongo ni ule ule, na chakula kinachopikwa pale unakila wewe pia.

Basi, safari ijayo ya nyumbani, kabla hujauliza bei ya makochi, ingia jikoni, ukae humo muda wa sufuria moja kuiva. Hutahitaji kushauriwa tena na mtu wa redio.

Tukutane juma lijalo.