Moto Ukizimika, Mizizi Hubaki

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Mimi si daktari. Ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ni mafaili. Nitasema niliyojifunza kwa kumuuguza kaka yangu, ambaye naye alisoma hapa.

Oktoba 2020 tuliuona mlima wetu ukiungua siku nyingi. Moto ulipozimwa, wengi walidhani kule juu yamebaki majivu tu. Lakini baadhi ya vichaka vya huko huchipua tena kutoka kwenye visiki vilivyoungua. Naomba mkumbuke mfano huo.

Kaka alipatwa na saratani ya ini. Uvimbe ulikuwa mdogo, haukufika sentimita 3, akatibiwa nje ya nchi kwa joto. Daktari huingiza sindano ndefu katika uvimbe na kuutia joto kwa umeme. Likipita nyuzi 60, seli hufa papo hapo. Kaka alirudi Moshi akitembea mwenyewe. Tukachinja mbuzi.

Aliagizwa apigwe picha ya ini kila baada ya miezi 3. Alikwenda mara moja. Alipotaka kwenda tena, nilimwambia, "Kaka, umepona. Fedha hizo tulipe ada za watoto." Akanisikiliza. Mwaka haukuisha, ukaonekana uvimbe mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza. Tulimzika kihambani kwetu.

Kwa nini ulirudi? Ini lina tabia ya pekee: likikatwa sehemu, hukua tena. Likiunguzwa, mwili huona ni jeraha, nao hutoa protini zinazoamuru seli zikue na mishipa mipya ya damu iote. Protini hizo ndizo vichochea ukuaji. Kimojawapo, kile cha seli za ini, kiligunduliwa Japani mwaka 1984. Basi seli za saratani zilizosalia pembeni, ambako joto lilikuwa hafifu, hupokea amri ile ile. Majaribio kwa wanyama wa maabara yameonyesha kwamba hata uvimbe ulio mbali na palipounguzwa unaweza kuharakisha kukua, na kwamba dawa zinazozuia amri hiyo huupunguza mwendo. Tena ini lililokwisha kuugua huweza kuzaa uvimbe mpya kabisa.

Sisemi matibabu hayo ni mabaya. Kwa uvimbe mdogo ni miongoni mwa yaliyo bora. Nasema kuunguza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurudi kuangalia kama kuna kinachochipua.

Ninyi vijana, ugonjwa huu huanza mapema. Vyanzo vyake vikubwa ni virusi vya homa ya ini aina ya B na C, pombe nyingi, na sumukuvu ya mahindi na karanga zilizoota ukungu. Pimeni. Asiye na virusi vya aina ya B na ambaye hajachanjwa, achanjwe. Aliye navyo asikate tamaa, kwani dawa za kuvidhibiti zipo.

Nanyi wenzangu mnaouguza nyumbani: mgonjwa akiambiwa arudi hospitali, mpelekeni, hata kama anaonekana mzima. Mimi sikufanya hivyo.